Jinsi ya Kuandika Zabuni ya Makubaliano Maalumu ya Ujenzi wa Serikali na Kupata Nafasi

Wakandarasi wanaoanza kuomba kazi za serikali huuliza maswali yaleyale. "Bei yetu ilikuwa chini kuliko ya wenzetu, mbona tumekosa?" "Tumeingia kwenye orodha, lakini mwaka unaisha hatujaitwa. Tumekosea wapi?" "Swali linataka maneno mia tano, sasa sisi kampuni ndogo tutajaza nini?" Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu tangazo linapotoka hadi baada ya matokeo.

Kwanza ujue unachokiomba. Makubaliano maalumu si mkataba wa kujenga jengo fulani. Taasisi nunuzi huchagua wakandarasi kadhaa, hukubaliana nao masharti na viwango vya bei kwa kipindi fulani, kisha kazi hutolewa mojamoja kwa oda kadiri mahitaji yanavyojitokeza. Oda inaweza kutolewa moja kwa moja kwa kufuata kanuni iliyoandikwa, au walio ndani ya orodha hushindanishwa wao kwa wao. Sheria ya mfano ya mwaka 2011 kuhusu ununuzi wa umma, ya UNCITRAL (tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa), inatambua makubaliano yaliyofungwa na yaliyo wazi. Yaliyofungwa hayampokei mkandarasi mpya orodha ikishakamilika. Katika Umoja wa Ulaya muda wake hauzidi miaka 4, isipokuwa kwa sababu maalumu. Kwa hiyo ukikosa leo unaweza kukaa nje miaka kadhaa, na ukipata, bado hujaahidiwa kazi hata moja, isipokuwa nyaraka ziseme hivyo. Usikope benki kwa kutegemea oda ambazo hazijaandikwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha usajili wa ukandarasi cha daraja na aina ya kazi inayotakiwa, leseni ya biashara na uthibitisho wa kulipa kodi. Angalia tarehe za kuisha: cheti kinachoisha wiki moja kabla ya kufunguliwa kwa zabuni ni karatasi tu.
- Hesabu zilizokaguliwa za miaka yote iliyotajwa, pamoja na barua ya benki ikiwa wametaka uthibitisho wa mtaji wa kuendeshea kazi.
- Bima, au barua ya kampuni ya bima kwamba itazitoa ukishinda.
- Hati ya uwakilishi wa kisheria ya mtu atakayesaini. Asiwe mtu anayesafiri siku ya mwisho.
- Akaunti inayofanya kazi kwenye mfumo wa kielektroniki wa ununuzi, na anayejua nywila yake.
- Wasifu na vyeti vya wataalamu utakaowataja, na ridhaa ya kila mmoja kwa maandishi.
- Faili la kazi zilizopita.

Hilo la mwisho ndilo linalowatesa wengi, kwa sababu haliwezi kutengenezwa kwa siku tatu. Kwa kila kazi weka barua ya tuzo, hati ya kukamilisha kazi, thamani ya mwanzo na ya mwisho, tarehe iliyopangwa na tarehe halisi ya kumaliza, idadi ya ajali (hata kama ni sifuri), picha za kabla na baada, na jina la mtu wa upande wa mteja anayeweza kuthibitisha. Andika pia tatizo moja lililojitokeza na namna mlivyolitatua. Kusanya haya siku mnapokabidhi kazi, mteja akiwa bado anakukumbuka kwa uzuri.

Hatua za kufuata

1. Amua kama utaomba. Soma masharti ya kuondoa wazabuni kabla ya kitu kingine chochote: daraja la usajili, mauzo ya mwaka, kazi zinazofanana, wataalamu wa lazima. Ukikosa moja na nyaraka haziruhusu ubia, acha. Zabuni moja iliyoandikwa vizuri ina thamani kuliko nne za kubahatisha. Makubaliano mengi hugawanywa kwa mafungu, ama kwa eneo ama kwa thamani ya kazi. Chagua mafungu unayoweza kuyahudumia kweli. Ukiomba yote, mtathmini atauliza mafundi haohao watakuwa sehemu ngapi kwa siku moja.

2. Tengeneza jedwali la masharti. Pitia nyaraka zote, pamoja na viambatisho na rasimu ya mkataba, ukiorodhesha kila mahali palipoandikwa "lazima", "ambatisha", "saini" au "thibitisha". Safu zako ziwe tano: sharti, ukurasa, anayeshughulikia, tarehe ya kukamilisha, mahali lilipo kwenye zabuni yetu. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayozuia kuondolewa kwa kukosa saini moja. Marekebisho ya nyaraka yakitoka katikati, rudi kwenye jedwali siku hiyohiyo.

3. Uliza ufafanuzi mapema. Kuna tarehe ya mwisho ya kuuliza, na huwa kabla ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha. Uliza kwa maandishi kupitia njia iliyoelekezwa. Kumbuka kwamba majibu kwa kawaida husambazwa kwa wazabuni wote, hivyo swali lisifichue mbinu yako. Badala ya kuuliza "Je, tunaweza kutumia paneli zilizotengenezwa kiwandani ili kumaliza kwa nusu ya muda?", uliza "Je, mbinu mbadala za ujenzi zinakubalika chini ya kifungu hiki?"

*Tahadhari:* usimpigie simu ofisa unayemfahamu ndani ya taasisi ili "akupe mwanga". Unaweza kuondolewa, na wewe na yeye mkajikuta kwenye uchunguzi.

4. Elewa alama zinavyohesabiwa. Hapa ndipo jibu la lile swali la kwanza lilipo. Kuna zabuni ambazo ubora ni wa kupita au kutopita, kisha mwenye bei ya chini kati ya waliopita anashinda. Kuna nyingine ambazo ubora una alama zake na bei ina zake. Benki ya Dunia, tangu Septemba 2023, imeweka utaratibu wa kutumia vigezo vyenye alama katika sehemu kubwa ya zabuni za kimataifa inazozifadhili. Usianze kuandika kabla hujajua uko kwenye mfumo upi.

Chukua mfano. Ubora una alama 60, bei 40. Bei hupimwa kwa kugawa bei ya chini kabisa kwa bei yako, kisha kuzidisha kwa 40. Mshindani ameweka 100, wewe umeweka 108. Yeye anapata 40 kamili, wewe unapata 37.04. Umeachwa kwa alama 2.96. Sasa chukua swali moja la ubora lenye uzito wa alama 15, linalosahihishwa kwa kiwango cha 0 hadi 5. Ukipewa 3 unapata alama 9, ukipewa 4 unapata 12. Yaani kulipandisha jibu moja kwa ngazi moja tu kumefidia tofauti ya bei ya asilimia 8, na kuzidi kidogo. Fanya hesabu hii kwa kanuni iliyoandikwa kwenye nyaraka zako, maana kanuni hutofautiana, kisha gawa muda wa kuandika kwa uzito wa maswali. Nimeona timu zikipoteza siku mbili kwenye historia ya kampuni isiyo na alama hata moja.

5. Andika majibu ya ubora. Mtathmini hawezi kukupa alama kwa kitu anachokijua kichwani. Anakupa kwa kilichoandikwa mbele yake, akilinganisha na kigezo, na pengine atatakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini amekupa 3 na si 4. Kazi yako ni kumrahisishia kuandika sababu hiyo.

Livunje swali vipande. Likisema "eleza mbinu, rasilimali na usimamizi wa hatari", jibu liwe na vichwa vitatu kwa maneno hayohayo na kwa mpangilio huohuo. Chini ya kila kichwa sema nani atafanya, atafanya nini, lini, kwa kifaa au fomu gani, na ni wapi mliwahi kufanya hivyo.

Tuseme swali ni hili: *Eleza utakavyofanya ukarabati katika jengo linaloendelea kutumika bila kuhatarisha watumiaji.*

Jibu linalopata alama ndogo:

*"Kampuni yetu ina uzoefu mkubwa na inatoa kipaumbele kwa usalama. Tutahakikisha kazi inafanyika kwa ufanisi, kwa weledi na kwa kuzingatia sheria zote."*

Hakuna neno la uongo hapo, lakini kampuni yoyote duniani ingeweza kuliandika. Linganisha na hili:

*"Siku tano kabla ya kuanza, msimamizi wa kazi atakutana na mkuu wa jengo na kusaini naye mpango wa matumizi unaoonyesha njia za watumiaji, milango ya dharura, saa za kelele na mahali pa kushushia vifaa. Eneo la kazi litatengwa kwa uzio mgumu usiopitisha vumbi. Kuvunja na kukata zege kutafanyika saa ambazo jengo halina watu. Kila asubuhi ofisa usalama atakagua uzio na njia za kutokea, atasaini fomu U-3 na kutuma nakala kwa mkuu wa jengo kabla ya watumiaji kuingia. Tulitumia utaratibu huu katika ukarabati wa shule ya ghorofa mbili ambayo madarasa hayakufungwa. Kazi iligawanywa kwa awamu nne, ikakamilika ndani ya muda bila ajali. Barua ya mkuu wa shule iko Kiambatisho cha 6."*

Jibu la pili lina watu, siku, fomu na ushahidi, na mtathmini anaona picha ya asubuhi ya kwanza ya kazi. Weka mambo yako ya kweli, usinakili haya ya mfano. Ukitaja fomu U-3, fomu hiyo iwepo kweli na uiambatishe kama inaruhusiwa, kwa sababu jibu lako linaweza kuingizwa kwenye mkataba na ukadaiwa kulitekeleza neno kwa neno.

Hapa kuna jambo linalowaponyoka hata wazoefu. Wengi huandika kana kwamba wanaomba mradi mmoja. Makubaliano maalumu yanataka kujua utafanyaje oda tatu zikija wiki moja, katika maeneo mawili tofauti, na mojawapo ikiwa ya dharura. Onyesha nani anapokea oda, anachukua muda gani kukagua eneo na kutoa makadirio, vikosi vingapi viko tayari, na kikosi cha akiba kinatoka wapi. Onyesha pia mtakavyojifunza kutoka oda ya kwanza ili ya kumi iwe bora, kwa mfano kikao cha tathmini kila robo mwaka na orodha ya kasoro zinazojirudia.

Heshimu ukomo wa maneno. Ziada mara nyingi haisomwi, hata kama ndiyo yenye hoja nzuri. Wala usiseme "tazama kiambatisho" mahali ambapo nyaraka zinasema viambatisho havitasomwa.

*Tahadhari:* unapotumia zabuni ya zamani kama msingi, tafuta jina la taasisi ya zamani katika faili lote, hadi kwenye vichwa vya kurasa na maelezo ya picha. Hakuna kinachomkatisha tamaa mtathmini kama kusoma ahadi aliyopewa mtu mwingine.

6. Panga bei. Katika makubaliano maalumu kwa kawaida unajaza viwango vya kila kipimo, au unataja asilimia ya kuongeza au kupunguza juu ya orodha ya viwango ya taasisi. Vipimo vinavyotumika kulinganisha bei ni vya makisio. Makisio yanaweza kusema rangi ni mita za mraba 50, na oda zikaja za mita 3,000. Ukishusha kiwango cha rangi chini ya gharama ili jumla ipendeze, unajikaanga kwa mafuta yako mwenyewe.

Anza na gharama halisi ya kila kipimo: vifaa pamoja na upotevu, saa za fundi na kibarua, mitambo, usafiri. Ongeza gharama za kusimamia eneo la kazi. Hizi zinaumiza zaidi kwenye oda ndogo, kwa sababu msimamizi, uzio na usafiri wa kwenda eneo la kazi havipungui sana hata kazi ikiwa ya siku mbili. Soma kama kuna kiwango cha chini cha thamani ya oda. Soma kifungu cha marekebisho ya bei: kipo, kinaanza kuhesabu tarehe gani, kinatumia faharasa ipi ya bei (takwimu rasmi za kupanda na kushuka kwa bei). Kama viwango vinafungwa kwa miaka miwili, kupanda kwa bei ya saruji na nondo ni mzigo wako, na lazima uwe umeuweka ndani ya bei.

Kagua hesabu. Katika nyaraka za kawaida za Benki ya Dunia, bei ya kipimo ikipingana na jumla, bei ya kipimo ndiyo inayofuatwa na jumla inasahihishwa, isipokuwa pale nukta ya desimali inapoonekana wazi kuwekwa vibaya. Tarakimu zikipingana na maneno, maneno yanafuatwa. Ukikataa sahihisho hilo zabuni yako inakataliwa.

7. Ubia na wakandarasi wadogo, yaani wale mnaowapa sehemu ya kazi yenu. Kama mnaungana, mkataba wa ubia au barua ya kusudio isainiwe na pande zote, ieleze nani kiongozi na kila mmoja anabeba sehemu gani. Angalia kama kila mbia lazima atimize sharti peke yake au mnajumlisha. Usimtaje mkandarasi mdogo ambaye hamjakubaliana bei.

8. Fomu na dhamana ya zabuni. Tumia fomu yao kama ilivyo, usiibadilishe neno. Kosa linalojirudia ni tarehe. Tuseme zabuni zinafungwa tarehe 3 Machi, uhai wa zabuni (muda ambao bado unafungwa na bei na masharti uliyoyawasilisha) ni siku 120, na dhamana inatakiwa iishi siku 28 zaidi, kama nyaraka za Benki ya Dunia zinavyotaka. Uhai wa zabuni unafika tarehe 1 Julai, na dhamana lazima ifike tarehe 29 Julai. Benki ikiandika 1 Julai, umeshatoka. Soma dhamana ukiwa bado dirishani kwa ofisa wa benki: jina la taasisi, namba ya zabuni, kiasi, tarehe. Kwa ubia, angalia dhamana inatakiwa iwe kwa majina ya nani.

9. Mpe asiyeiandika aisahihishe. Tafuta mtu ambaye hakushiriki, mpe maswali, vigezo na majibu tu, atoe alama na aandike sababu kwa sentensi moja kila jibu. Palipo na alama za chini kuliko ulizotarajia, rekebisha jibu, usibishane naye. Acha siku tatu angalau kwa kazi hii.

10. Wasilisha kabla ya siku ya mwisho. Mifumo ya kielektroniki hufunga kwa sekunde, na saa inayohesabika ni ya mfumo. Pakia faili siku moja kabla, lipakue tena uone kama linafunguka, kisha hifadhi risiti ya uwasilishaji. Kama bei na ubora vinatenganishwa, hakikisha hakuna tarakimu ya bei iliyopenya kwenye upande wa ubora. Tarakimu moja inatosha kukuondoa.

Mambo yakikwama

*Hatuna kazi ya serikali hata moja.* Soma sharti upya. Likisema "kazi zinazofanana" bila kusema za serikali, kazi za mashirika binafsi zinafaa, mradi zilingane kwa ukubwa, aina na ugumu. Eleza huo ulinganifu wewe mwenyewe, usimwachie mtathmini aukisie. Kama sharti linadai serikali pekee, tafuta ubia, au anza kwa oda ndogo ukiwa mkandarasi mdogo na uombe barua ya utendaji kila unapomaliza.

*Mtaalamu mkuu ameacha kazi katikati ya tathmini.* Iarifu taasisi kwa maandishi na ufuate kifungu cha kubadilisha wataalamu, ukipendekeza mwenye sifa sawa au zaidi. Usinyamaze ukitumaini haitajulikana. Na usiwahi kutumia cheti cha mtu bila ridhaa yake. Nyaraka za kughushi huleta kufungiwa kushiriki zabuni, na Benki ya Dunia hutangaza hadharani orodha ya kampuni ilizozifungia.

*Tumeulizwa ufafanuzi baada ya zabuni kufunguliwa.* Jibu kilichoulizwa tu, ndani ya muda uliotajwa. Huu si wakati wa kuboresha jibu wala kubadilisha bei.

*Wanasema bei yetu ni ya chini mno.* Wape mchanganuo: nukuu za wauzaji wa vifaa, mitambo unayomiliki, uzalishaji wa vikosi vyako katika kazi zilizopita. Kama huna vielelezo hivyo, bei hiyo haikutoka kwenye gharama, na ni heri uligundue hilo sasa kuliko oda ya tatu ikiendelea.

*Tumekosa.* Omba maelezo mara moja, kwa maandishi, maana muda ni mfupi. Chini ya taratibu za Benki ya Dunia, pale kipindi cha kusubiri kabla ya kusaini mkataba kinapotumika huwa siku 10 za kazi, na una siku 3 za kazi kuomba maelezo tangu kupokea taarifa ya kusudio la kutoa tuzo. Uliza alama za kila swali, sababu zake, na mshindi alizidi wapi. Ukiona kanuni imevunjwa, fuata njia ya malalamiko ya sheria ya nchi husika. Ukiona ni majibu yako, rudi hatua ya 5 ukiwa na maelezo hayo mkononi.

*Tumo kwenye orodha lakini hatupati oda.* Kwanza soma kanuni ya kugawa oda. Kama ni kwa zamu au kwa nafasi kwenye orodha, uliza uko nafasi ya ngapi na kwa nini. Kama ni ushindani wa ndani, jibu kila mwaliko unaoweza kuutekeleza, na kwa ule usioujibu tuma barua fupi ya sababu, kwa kuwa baadhi ya makubaliano humsimamisha mkandarasi anayekaa kimya. Bei ya mwaliko kwa kawaida haiwezi kuzidi viwango ulivyokubali, lakini inaweza kushuka, hivyo piga hesabu upya kwa eneo lile na ukubwa ule. Omba kikao na msimamizi wa makubaliano, umuulize kazi zipi zimepangwa kwenye bajeti ijayo, na umpe majina na namba za simu za watu wako wa kupokea oda. Wakibadilika, mjulishe siku hiyohiyo.